Mwenye Ndugu Atoke Nje

Mafundi wa cherehani wana lugha yao, na kila aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi anaielewa. "Njoo kesho" maana yake ni wiki ijayo. "Imebaki vifungo tu" maana yake kitambaa bado kimekunjwa vilevile ulivyokileta. "Umeme ulikatika" maana yake nilikusahau. Mama Pindo alishona miaka mingi na lugha hiyo haikumwingia kichwani. Akikuambia Ijumaa, ukienda Ijumaa unaikuta nguo kwenye henga, imepigwa pasi, na kipande kilichobaki kimekunjwa ndani ya mfuko wake. Mafundi wenzake walimnunia. Walisema anawaharibia kazi.

Tabia hiyo ndiyo iliyomtia kwenye udiwani, maana mwenyewe hakuuomba. Uchaguzi ulipokaribia, wagombea wawili wa kata yake walimletea suti, naye akawaambia wote wawili Alhamisi. Alhamisi wakafumaniana mbele ya kioo kimoja, wakaanza kushindana kwa ahadi mbele ya wateja: huyu daraja, yule taa za barabarani, huyu daraja lenye taa. Mteja mmoja aliyekuwa akipimwa kifua, mikono kaitandaza hewani, akasema, "Kwa nini tusimchague huyu fundi? Yeye akisema Alhamisi, ni Alhamisi kweli." Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wakatazamana. Mzaha mzaha hutunga usaha, na miezi miwili baadaye Mama Pindo alikuwa mheshimiwa, na wale wagombea wawili wakabaki na suti.

Mumewe alikuwa fundi bomba wa halmashauri, na mji mzima ulimwita Kimya. Hakuwa bubu wala hakuwa na kiburi. Alikuwa mtu wa maneno machache tu, mengine ameyaweka akiba, hajasema ya nini. Lakini Mungu ana mizaha yake. Mtu huyo asiyenena ndiye aliyekuwa akipiga ngoma kubwa kwenye bendi ya baraza la mji, lile dubwana linalovaliwa kifuani kwa mkanda na kusikika mpaka mtaa wa tatu.

Ngoma ndiyo iliyowaoza. Mama Pindo alipokuwa msichana, bendi ilikuwa ikipita mbele ya kibanda chake kila Jumamosi kuelekea bustani ya mji. Kila ilipofika mlangoni kwake, ngoma kubwa ilikosa pigo moja. Pigo likikosekana, bendi nzima inajikwaa, matarumbeta yanagongana, kiongozi wa bendi anageuka na macho mekundu. Wiki iliyofuata hivyohivyo. Halafu mpigaji mwenyewe akaanza kuja dukani na mkanda wa ngoma uliokatika. Akashonewa. Wiki iliyofuata ukakatika tena, na iliyofuata tena. Mara ya nne Mama Pindo aliugeuza ule mkanda, akautazama vizuri, akasema, "Kaka, mkanda huu haukukatika. Umekatwa."

"Ndiyo," alisema Kimya.

"Kwa nini?"

Alifikiri mpaka cherehani ya jirani ikamaliza upindo mzima. "Sikuwa na sababu nyingine ya kuja," akasema.

Hiyo ilikuwa ndiyo posa yake. Mama Pindo alicheka kwa siku mbili, siku ya tatu akakubali. Akamshonea mkanda mpya wa turubai nene, mshono mara tatu, akamwambia huu ukiukata tutaachana. Mkanda huo ulidumu kuliko vitanda viwili na televisheni.

Basi muelewe alijisikiaje siku ile diwani mmoja aliposimama barazani na kuleta hoja kwamba bendi ivunjwe.

Diwani huyo alikuwa na shule ya udereva, na watu walimwita Breki. Alikuwa haachi mtu amalize sentensi, hata ukimpa salamu anakusimamisha katikati. Hoja yake haikuwa ya kijinga, tusimsingizie. Banda la mazoezi ya bendi lilikuwa kubwa na lenye paa zima, na magari ya halmashauri yalikuwa yanalala nje na kuota kutu. Breki alitaka bendi ife, banda liwe gereji. Tena alisema bendi yenyewe inapiga ovyo, na hapo aliwagusa pabaya watu wengi kwa sababu ilikuwa kweli.

Madiwani wa kupiga kura walikuwa kumi na watano, mbali na mwenyekiti. Saba, Breki mwenyewe akiwamo, waliitaka gereji. Wanane, Mama Pindo akiwa mmoja wao, waliitaka bendi. Mtu angesema basi yamekwisha, bendi imepona. Lakini kulikuwa na kanuni.

Kanuni hiyo ilitungwa na mwenyekiti wa baraza, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye wote walimwita Mwalimu Mkuu na ambaye aliendesha baraza kama darasa la sita. Diwani akitaka kusema ananyoosha kidole, kimoja. Akichelewa anasimama mlangoni kwanza. Kengele ya shule aliyopewa zawadi ya kustaafu ilikaa mezani pake, na aliigonga kwa mapenzi. Siku za nyuma diwani mmoja alimpigia kura shemeji yake apewe kazi ya kuzibua mitaro, na mitaro ikaziba zaidi. Mwalimu Mkuu akachukia, akatunga kanuni: diwani yeyote mwenye ndugu katika jambo linalopigiwa kura, atoke nje. Na mwananchi yeyote aliyeketi nyuma ukumbini, akijua undugu uliofichwa, aruhusiwe kunyoosha kidole na kuusema.

Swali likawa, ndugu ni nani. Wakabishana mchana mzima. Mwalimu Mkuu alitaka iwe kwa damu na kwa ndoa. Bibi Mkaa, diwani mzee aliyeuza mkaa sokoni, akasema na waliolelewa nyumba moja je, hao si ndugu? Wakaongeza malezi. Breki naye wakati huo alikuwa na ugomvi na diwani kijana aliyechumbia binti wa mkandarasi, basi akasimama na kudai kwamba uchumba nao uwemo. Wakaongeza uchumba. Mwalimu Mkuu akagonga kengele, akasema hii ni kanuni bora kuliko zote alizowahi kuona, na alikuwa akiipenda kama mtoto wa uzeeni. Kwa bahati mbaya tangu siku ile haikupata nafasi ya kutumika vizuri.

Sasa hesabu ilikuwa hii. Mama Pindo akitoka nje kwa sababu ya mumewe, wanabaki saba kwa saba. Kura zikilingana, mwenyekiti ndiye anayeamua. Na Mwalimu Mkuu nyumba yake ilikuwa nyuma ya banda la bendi, na usingizi wa mchana alikuwa ameusikia kwa watu tu tangu alipostaafu. Kila mtu alijua mkono wake utaangukia wapi. Breki alikuwa ameshahakikisha mambo hata akawaagiza wanabendi waje siku ya kikao na ala zao, wakae ngazini nje, ili kura ikishapigwa wazikabidhi stoo palepale.

Asubuhi ya siku hiyo Mama Pindo alimkuta Kimya sebuleni anaifuta ngoma kwa kitambaa, taratibu, namna mtu anavyomfuta uso mgonjwa. Moyo wake ukamuuma hasa. Huyu mtu bila ngoma angekuwa nani? Furaha yake, hasira yake, mapenzi yake, yote yalipitia mle.

"Naweza kukaa," alimwambia. "Labda wasikumbuke. Labda nikikaa kimya kama wewe, kura itapita tu."

Kimya aliendelea kufuta. "Wewe ni fundi wa Ijumaa," akasema.

Basi. Hakuongeza. Mama Pindo akaenda kuvaa viatu huku analia kidogo na kucheka kidogo, maana ni mumewe peke yake aliyeweza kumwambia usidanganye bila kutumia neno hilo.

Ukumbi wa baraza ulikuwa na meza ndefu, feni iliyozunguka inapojisikia, na mlango mkubwa wa mbao ambao kitasa chake kiling'olewa kwa ajili ya matengenezo na hakikurudi. Pale pa kitasa pakabaki tundu la kutosha jicho zima. Viti vya wananchi nyuma vilikuwa vimejaa. Miongoni mwao aliketi binti wa Breki, mtoto wake pekee, aliyefundisha kwenye shule ya baba yake na ambaye siku za kikao alikuja kumsubiri amrudishe nyumbani. Breki, mwenye shule ya udereva, alikuwa haendeshi. Alisema mtu hawezi kujitukana njia nzima.

Mwalimu Mkuu aligonga kengele. Karani akaisoma hoja. Breki akavuta pumzi kuanza hotuba kuhusu undugu, na hotuba hiyo alikuwa ameifanyia mazoezi, lakini kabla hajasimama, Mama Pindo alikuwa tayari amenyoosha kidole.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "mpiga ngoma kubwa ni mume wangu. Natoka."

Breki akabaki mdomo wazi na hotuba kooni. Mwalimu Mkuu alimtazama Mama Pindo kama mwalimu anayetazama jibu sahihi ubaoni baada ya mwaka wa tabu. "Mnaona?" aliwaambia wengine. "Mnaona mtu?"

Mama Pindo alitembea mpaka mlangoni, akatoka, akaufunga. Alisimama kwenye korido akitazama ukuta. Kwa dirisha la mwisho aliwaona wanabendi wamekaa ngazini, ala mapajani, na Kimya kaizungushia ngoma mikono. Alijiona amewauza wote kwa ajili ya ukweli wake. Kisha mlango ukafunguka na Bibi Mkaa akatoka, anahema.

"Bibi, umefuata nini huku?" Mama Pindo aliuliza.

"Nina wajukuu wawili mle, mmoja filimbi na mmoja matoazi. Wewe umetoka kwa mume mmoja, mimi nitakaaje na wajukuu wawili? Nimeona aibu."

"Lakini sasa Breki anazidi kushinda."

Bibi Mkaa alisimama, akafikiri. "Hilo sikuliwaza," akasema.

Mama Pindo akapiga magoti na kuweka jicho kwenye tundu. Ndani Breki alikuwa amesimama, uso unang'aa kama sufuria mpya. Alikuwa amegundua kitu. Kama bendi ina ndugu wa Mama Pindo na ndugu wa Bibi Mkaa, basi kila anayeitetea lazima ana ndugu mle. Na kama wote wana ndugu, wote watoke. "Sheria ni msumeno," alikuwa akisema, "hukata mbele na nyuma. Wewe pale, shemeji yako anapiga nini?"

"Tarumbeta la kuvuta," alisema diwani aliyeulizwa.

"Nje. Na wewe? Yule kiongozi wa bendi si mjomba wako?"

"Mjomba wa mke wangu."

"Kwa ndoa. Nje."

Mwalimu Mkuu aligonga kengele kila mmoja alipotoka, na kila mgongo mmoja ulipopita alisugua mikono kwa raha. Hakuwa anamsaidia Breki. Alikuwa na furaha ya mtu aliyejenga saa mwenyewe na sasa anaisikia inagonga. "Vizuri sana," alisema. "Mwingine? Fikirini vizuri, msikurupuke."

Muda si mrefu korido ilikuwa na wote wanane. Walisimama wakitazamana kama watoto waliotolewa darasani, na kama wale watoto wakaanza kucheka. Aliyeanza ni Bibi Mkaa. Alisema katika miaka yake yote ya udiwani hajawahi kufurahia kikao namna hii. Mmoja akafungua karanga.

"Kaeni kimya nisikie," alisema Mama Pindo, jicho tunduni. "Wamebaki saba. Karani anasema akidi ni watano, kwa hiyo kura ni halali. Breki anakaza tai."

"Tumekwisha," alisema mmoja.

"Hebu ngoja. Diwani wa Buchani amenyoosha kidole."

Diwani huyo wa kata ya Buchani alikuwa mtu wa Breki kindakindaki, mwili mkubwa, sauti ya ndani. Alikuwa ametazama viti vya wananchi na kuwaona majirani zake wote wamekaa pale, kila mmoja anachezea kidole chake. Akaona heri aseme mwenyewe.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Mama Pindo alirudia maneno yake kwa walio koridoni, neno kwa neno, "mama yangu alipougua, mimi nililelewa na mama wa yule wa tarumbeta dogo. Tulikula sahani moja. Sasa malezi yamo au hayamo?"

"Yamo, mimi ndiye niliyeyatia," alisema Bibi Mkaa, akapiga paja.

Ndani Breki alisema hayo ni mambo ya zamani, watu wamekua, na Mwalimu Mkuu akamuuliza kama sahani ya zamani si sahani. Diwani wa Buchani akatoka. Koridoni alipokelewa kwa karanga. Nyuma yake akatoka mwingine wa upande huohuo, akisema dada yake aliolewa na mpiga filimbi wa pili na ameamua kusema sasa kwa sababu dada mwenyewe yuko ukumbini na amemtolea jicho.

"Wamebaki watano," Mama Pindo alitangaza. Habari zilikuwa zinapita koridoni hadi dirishani, na dirishani hadi ngazini, kila mdomo ukiongeza chumvi yake, hivi kwamba wanabendi nje walisikia Diwani wa Buchani ni ndugu wa bendi nzima na amelia.

"Watano bado ni akidi," alisema diwani mmoja. "Na hoja ikikosa akidi inakufa, hairudi mpaka baraza jipya lichaguliwe. Angetoka mmoja tu."

Wote wakafikiria wale watano mmoja mmoja. Wanne walikuwa wageni wa mji, hawana hata mpangaji bendini. Wa tano alikuwa Breki mwenyewe, na Breki ukoo wake wote uliimba puani. Kicheko kikapungua. Mama Pindo aliwaza ule mlango wa stoo, na Kimya anapita pale na ngoma, anarudi mikono mitupu, na hasemi kitu, wala hatakuja kusema kitu.

Ndani, Breki alikuwa ametulia. "Mheshimiwa mwenyekiti, tumebaki watu safi," alisema. "Mimi katika bendi ile sina ndugu, sina jirani, sina hata anayenidai salamu. Tupige kura."

Mwalimu Mkuu aliinua kengele. Na hapo, kwenye viti vya nyuma, kidole kikanyooka. Kilikuwa chembamba, chenye rangi kwenye kucha.

"Binti yake," alinong'ona Mama Pindo. "Binti wa Breki amenyoosha kidole."

Korido nzima ikamwangukia mgongoni kutafuta tundu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema binti, "Mheshimiwa Breki ana ndugu kwenye bendi."

"Mwanangu, kaa chini," alisema Breki. "Ndugu gani?"

"Mkwe."

"Mkwe gani? Nina mtoto mmoja, ni wewe, na hujaolewa."

"Sijaolewa, baba. Nimechumbiwa."

Feni ilichagua wakati huo kusimama. Breki alimtazama binti yake, akatazama dari, akarudi. "Na nani?"

"Wa tarumbeta dogo. Yule mwanafunzi wetu asiyejua kurudi nyuma."

Mji mzima ulimjua mwanafunzi huyo kwa sababu Breki mwenyewe alimtangaza kila mahali. Shule yake haikuwahi kushindwa na mtu, alikuwa akisema, ila kijana mmoja ambaye amesoma mpaka gari limezeeka na bado kila wiki anarudi nyuma na kugonga pipa. Breki alimwonea huruma. Alimwita "mgonjwa wangu" na akampa mwalimu bora wa shule, yaani binti yake.

"Yule?" alisema Breki. "Yule hajui hata kioo cha pembeni ni cha nini."

"Anajua, baba. Alijua kurudi nyuma tangu mwezi wa kwanza. Anarudi nyuma vizuri kuliko wewe."

"Sasa mapipa yangu anayagonga ya nini?"

Binti aliinamisha kichwa, na hapo ndipo sauti yake ilipolegea kidogo. "Angefaulu, angeondoka," akasema.

Mama Pindo aliondoa jicho tunduni. Aliketi sakafuni, mgongo mlangoni, akacheka mpaka machozi yakamfika shingoni, na wenzake wakamsihi aseme kumetokea nini, naye hakuweza. Alikuwa anaona mkanda wa ngoma uliokatwa kwa kisu, safi, mara nne. Kumbe wanaume wa bendi ile wote ni wamoja.

Ndani Breki alikuwa anapigania roho yake. Uchumba ambao baba haujui, alisema, si uchumba, ni uvumi. Mwalimu Mkuu alimwomba karani asome kanuni. Karani akasoma: kwa damu, kwa ndoa, kwa malezi, au kwa uchumba. Haikusema baba awe anajua.

"Nani aliyeomba uchumba uongezwe?" aliuliza Mwalimu Mkuu, kwa upole ule wa walimu ambao wanafunzi wanauogopa kuliko fimbo.

Halikuwa swali la kujibiwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na siku ile ukumbi mzima ulipata bahati ya kumwona akishuka, ngazi kwa ngazi.

Breki alikusanya miwani yake. Alipofika kwenye viti vya nyuma alisimama mbele ya binti yake. "Kweli anajua kurudi nyuma?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kweli, baba."

"Kwenye kilima?"

"Hata kwenye kilima."

Breki alitikisa kichwa polepole, akaendelea hadi mlangoni. Mtu wa tano alitoka nje. Mwalimu Mkuu alihesabu waliobaki kwa kidole, mara mbili kwa sababu ilikuwa raha kuhesabu, akatangaza kwamba akidi haipo na hoja imekufa, akagonga kengele kwa nguvu hata kipini kikachomoka. Ndipo sura yake ikabadilika. Alikuwa amekumbuka usingizi wa mchana.

Koridoni Bibi Mkaa ndiye aliyempokea Breki. "Karibu nje, mkwe wa bendi," alisema, akamnyooshea mfuko wa karanga. Breki alizitazama zile karanga, akatia mkono.

Wakamiminika wote nje hadi ngazini kama maji. Wa tarumbeta dogo alikuwa ameshapashwa habari na midomo ishirini, na alipomwona Breki alisimama wima, ala kifuani, hana pa kukimbilia. Breki alimkazia macho. "Kesho asubuhi," alimwambia, "utarudi nyuma mbele yangu. Ukigonga pipa, hakuna harusi." Wanabendi walipiga kelele za shangwe, na kiongozi wa bendi akawaamuru wasimame mstarini, kwamba leo wataondoka hapa kwa mwendo wa bendi mpaka bustanini na mwenye wivu ajinyonge.

Kila mtu alisimama mstarini isipokuwa Kimya. Aliendelea kukaa ngazini na ngoma mbele ya magoti.

Mama Pindo alimfuata. "Baba, simama, wanakungoja."

Kimya hakusimama. Ndipo Mama Pindo akaona ngoma haina mkanda. Ule mkanda wa turubai, mshono mara tatu, haukuwepo, na kwenye pete mbili za chuma vilining'inia vipande vifupi.

"Umekatika?" aliuliza.

"Umekatwa."

"Nilikuambia nini juu ya kuukata?"

"Kwamba tutaachana." Kimya aliingiza mkono mfukoni mwa koti la sare, akautoa mkanda, umekunjwa vizuri kama unavyokunja kipande cha kitambaa kilichobaki. Na siku hiyo akatoa maneno yaliyokuwa akiba. "Ngoma ni ya baraza," alisema. "Wakiitaka, wachukue. Mkanda uliushona wewe. Huo nisingewapa."

Mama Pindo alitaka kumjibu kitu cha maana, diwani kwa mwananchi wake, lakini machozi yalimtangulia. Akapangusa uso kwa kiganja. Sindano ilikuwepo, imechomekwa ndani ya ukosi kama siku zote, lakini uzi wa turubai uko dukani na bendi nzima ilikuwa imesimama mstarini, mguu mmoja mbele.

"Utakuwa tayari Jumamosi," alisema.

"Na leo?" aliuliza kiongozi wa bendi.

Mama Pindo aliangalia huku na huku, akashika pete moja ya ngoma kwa mikono miwili, akamwita mtu wa kushika ya upande wa pili. Aliyekuwa karibu ni Breki, bado anatafuna. Alitazama pete, akamtazama binti yake, akatema ganda la karanga, akainama na kushika. Kimya akasimama katikati yao na kigongo chake. Akainua mkono, akautazama uso wa mkewe, na pigo la kwanza akalikosa. Bendi nzima ikajikwaa.